Mashine Iliyokataliwa Asubuhi

Tangu nistaafu na kurudi kwetu Iyula, vijana wa chumba cha mitambo mmekuwa mkinipigia simu kila swichi ya mtandao inapozima taa. Nafurahi, nisiseme uongo. Ila mke wangu amechoka kunisikia nikipaza sauti katikati ya mibuni, "Chomoa, subiri kidogo, chomeka," na jirani mmoja ameshauliza kwa upole kama nimeanza kuongea na kahawa. Kwa hiyo mliponiomba niandike kumbukumbu zangu za kazini, nilikubali upesi. Huenda mkishasoma mtaanza kunipigia kwa sababu za maana, kama kunisalimia au kuuliza kama mbolea imefika.

Habari za vyeo sitaandika. Mnavijua, havikuwa vingi, na cha mwisho kilikuja na kiti cha kuzunguka kilichoniumiza mgongo mpaka nikakirudisha stoo. Nitaandika yale ambayo hadi leo nikiyakumbuka huwa nasimama na jembe mkononi nikijiuliza, hivi kweli ilikuwaje? Moja hasa, la Namfukwe, nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu yeye bado yuko ofisini nanyi, na wengine wenu mnampita kila siku bila kujua kilichompata.

Mimi nilianza na redio. Nilijifunza kuzitengeneza nikiwa kijana karibu na Mbozi Mission, na nilidhani nitazeeka nazo. Simu za mkononi zikaja zikiwa na redio ndani, wateja wakapungua mmoja mmoja, nikashuka Tunduma kutafuta kazi. Kampuni yetu ilikuwa changa wakati huo. Ilitoa mizigo forodhani kama leo, kwenye jengo lilelile la upande wa Mpemba, malori yakipita mbele yake mchana kutwa na kutupakaza vumbi. Walitafuta mtu wa kumsaidia fundi wao, Mzee Sichone, ambaye maisha yake yote kabla ya hapo alikuwa fundi wa simu za waya. Aliniuliza swali moja tu la usaili, kama naogopa kupanda dari. Nikasema siogopi. Ilikuwa uongo, lakini niliajiriwa.

Siku yangu ya kwanza, kompyuta ya chumba cha uhasibu iligoma kuingia kwenye mtandao. Nikaingia mle ndani kama askari, nikapiga magoti, nikajitumbukiza chini ya meza na tochi mdomoni. Nikahisi mtu ananivuta shati kwa nyuma.

"Toka huko," alisema Mzee Sichone. "Umemsalimia nani humu?"

Nilitoka nikiwa na utando wa buibui kichwani, nikamsalimia mhasibu vizuri, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto. Akajibu yote, na katikati ya kujibu akalalamika kwamba mgongo unamuuma kwa sababu jana jioni walisogeza meza ili kufagia. Mzee Sichone akanitazama. Tukainua meza, na mguu wake mmoja ulikuwa umekanyaga waya wa mtandao ukaubana hadi ukafa. Tungeweza kuupata hata bila salamu, sikatai. Tungeupata jioni.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake, na ilinichukua muda kuielewa. Alikuwa na koleo la kubana vichwa vya waya, kipima waya chenye taa nne, tochi, na brashi ya kupakia rangi aliyoitumia kusafisha vumbi ndani ya mashine. Hivyo vyote alivibeba kwenye mfuko wa sandarusi. Lakini kabla ya kuvitoa alikaa kwanza. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya mwenye meza, akamwambia, "Wewe fanya kazi yako kama kawaida, mimi nipo tu." Watu walimcheka, walidhani anapumzika. Nami nilimcheka, ila nikiwa mbali.

Alipostaafu akarudi kwao, aliniachia ule mfuko. Brashi ninayo hadi leo, mke wangu anaitumia kupakia mafuta vyombo vya kuokea mikate, na sijamwambia ilikotoka.

Sasa nije kwenye mashine ya ndani, maana ndiyo iliyotupa maswali mengi kuliko vitu vyote. Kwa wale mliokuja juzi na hamjawahi kujiuliza kwa nini tunafanya hivi: programu yetu ya kuandaa nyaraka za mizigo ni ya zamani, na kompyuta mpya haziitaki. Makao makuu Dar walipotuletea kompyuta mpya, ikabidi tuweke ndani ya kila moja kompyuta nyingine isiyoshikika, iliyotengenezwa kwa programu tu, ambayo inajiona ni ya zamani na inaipokea ile programu bila kinyongo. Vitabu vinaiita mashine pepe. Sisi Tunduma tuliiita mashine ya ndani, na ile inayoibeba tukaiita ya nje. Wakati huohuo Dar walikaza ulinzi. Mtandao wote ukafungwa kufuli: hakuna kifaa kuingia bila kusajiliwa, hakuna mtu kupita bila jina lake na neno la siri, na ukuta wa ulinzi ukazuia karibu kila kitu kisichokuwa kazi.

Mashine ya ndani ya kwanza niliiwasha mimi. Ikawaka vizuri, nikapiga picha kwa simu. Kabla sijaituma kwa mtu, mtandao ulikatika, wa ndani na wa nje pamoja, na taa ya soketi yangu kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ikazimika kabisa. Nikahamia soketi ya pili, nayo ikazimika. Nikahamia ya tatu. Kufikia hapo wafanyakazi wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja akaniuliza kama ninalipwa kwa kila soketi ninayoua.

Nilikuna kichwa mpaka mchana. Nilichokuja kugundua kilinifurahisha sana. Swichi ilikuwa imeamriwa kwamba kila soketi ipite kadi moja tu ya mtandao. Kila kadi ina namba yake, hata ile ya mashine ya ndani ambayo haipo kwa kushikika, nayo imepewa namba. Swichi ikaona namba mbili zinatoka kwenye tundu moja, ikadhani kuna mtu amechomeka kitu cha wizi, ikafunga mlango. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Tuliwaomba Dar wasajili namba zote mbili kwa kila soketi, wakakubali, tatizo likaisha. Nilitembea siku nzima nikitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeshuhudia chuma kikihesabu kitu ambacho hakipo.

Basi tuliendelea hivyo kwa raha miaka kadhaa, hadi zikaja zile mvua.

Namfukwe wakati huo alikuwa karani wa malori ya ng'ambo. Ni Mnamwanga, ndugu zake wako pande zote mbili za mpaka kama wengi wao, na Kibemba anakizungumza na mawakala wa Nakonde, upande wa Zambia, kama alizaliwa nacho. Asubuhi alikaa kwenye meza iliyo karibu na kabati la mafaili. Mchana alipokezana na Jofrey, anayeshughulikia malori ya huku kwetu. Meza moja, kompyuta moja, mashine ya ndani ile moja, watu wawili.

Mvua zilipoanza, mashine ya ndani ikaanza kukataliwa. Asubuhi Namfukwe akiandika jina lake na neno lake la siri, seva ya Dar inamjibu kwamba haimtambui. Anarudia, haimtambui. Mchana Jofrey anakaa, anaandika ya kwake, anapita bila kuguswa. Kesho yake vilevile. Malori ya Namfukwe yakawa yanasubiri mpaka Jofrey aingie ndipo nyaraka zao zitumwe, na madereva waliokuwa wamekesha kwenye foleni wakaanza kuja hadi dirishani kutuambia wanavyotufikiria.

Niliianza kazi kama ninavyowafundisha ninyi, kutoka chini kwenda juu. Waya mzima. Soketi iko hai na namba zote mbili zimesajiliwa. Mashine ya ndani ina anwani yake ya mtandao na si ya kugombania na mwingine. Nikalipigia hodi lango la mtandao, likaitika. Nikaiita seva ya Dar kwa jina, ikapatikana. Nikaujaribu ukuta wa ulinzi, njia ilikuwa wazi. Kwa maneno mengine barabara yote ilikuwa nzuri mpaka mlangoni, na kukataliwa kulitokea mlangoni, pale unapoulizwa wewe nani. Nikamwekea Namfukwe neno la siri jipya. Akakataliwa. Nikainakili mashine yote ya ndani nikaipeleka kwenye meza yangu, nikamwita aandike jina lake pale, akapita mara ya kwanza.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu yuleyule alikubaliwa kwenye meza yangu na akakataliwa kwenye yake, na meza yake ilimkubali Jofrey.

Nikiwa bado nakuna kichwa, simu ikaja kutoka Dar. Alikuwa Bi Rehema, mkuu wa usalama wa mtandao. Wengine mlimwogopa, lakini mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa na udadisi kama wangu na hakuwa na maneno mengi. Aliniambia alichokuwa anakiona upande wake. Kila ombi la kuingia linagongwa muhuri wa saa na mashine inayolituma. Maombi ya Namfukwe ya kila asubuhi yalikuwa yanafika Dar yakiwa na muhuri wa saa moja nyuma. Seva ililindwa isipokee ombi lililochacha hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya wezi: wanalidaka ombi la mtu njiani, wanalikalia, kisha wanalituma baadaye wakijifanya ni yeye. Bi Rehema aliona dalili zote za mtu aliyewapa watu wa nje funguo zake. Ilikuwa asubuhi tu, kwa jina la karani mmoja tu, na karani huyo anaongea kutwa na watu wa nje ya nchi.

Alimpigia Namfukwe mwenyewe, mimi nikiwa hapo. Alimuuliza kama kuna aliyempa neno lake la siri. Hakuna. Akamuuliza kama kuna mtu mwingine hugusa kompyuta asubuhi. Hakuna. Akamuuliza kama kuna kitu chochote amebadilisha kwenye mashine.

"Sijabadilisha kitu, madam," Namfukwe alisema. "Naingia, nafanya kazi, natoka."

Akaambiwa ajiandae kwenda Dar wiki inayofuata kujieleza mbele ya uongozi. Sote tulijua maana yake. Kibarua chake kingeota nyasi, na si hapo kwetu peke yake. Tunduma ofisi za mizigo ni nyingi lakini watu wake wanajuana wote. Karani aliyefukuzwa kwa kuuza neno la siri hapati tena meza hata kwa wakala wa mwisho kabisa. Namfukwe aliikata simu, akaikunja khanga aliyokuwa ameitupa begani, akaikunjua, akaikunja tena. Hakulia. Aliniuliza tu kama nami naamini.

Nilimwambia siamini. Moyoni sikuwa na uhakika, na iliniuma kukosa uhakika, maana mama huyu nilimfahamu tangu anaanza kazi. Lakini hesabu ya Bi Rehema ilikuwa nzuri. Kama mashine ni moja na tofauti ni mtu, basi utafute kwa mtu. Hata mimi ningefika hapohapo.

Jioni ile, nikitembea kurudi nyumbani, nilimkumbuka Mzee Sichone na kiti chake. Nilikuwa nimepima waya, soketi, anwani na ukuta. Nilikuwa nimekuja kwenye ile meza mara nyingi, kila mara nikimwambia Namfukwe, "Samahani, nipishe," nami nikikaa mahali pake. Sikuwahi hata mara moja kukaa nyuma yake.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla yake, nikavuta kiti kando ya kabati la mafaili. Alipoingia akashtuka kidogo, akanisalimia.

"Shikamoo mzee. Leo unanilinda?"

"Marahaba. Wewe fanya kazi yako kama kawaida, mimi nipo tu."

Alinitazama kwa wasiwasi, na hakukosea kuwa nao. Lakini alianza. Akafuta meza na kioo kwa kitambaa. Akawasha kompyuta ya nje. Kabla hajaiwasha ya ndani, simu yake ikalia, wakala wa Nakonde. "Mulishani," akamsalimia kwa Kibemba, wakaongea, wakapanga lori lipite getini saa ngapi. Akiwa bado na simu sikioni, aliinua macho ukutani juu ya mlango, akayashusha harakaharaka kama mtu aliyekumbuka kitu. Akasogeza kipanya hadi pembeni ya kioo cha kompyuta ya nje. Akabofya. Akairudisha saa nyuma. Akaweka simu mezani, akawasha mashine ya ndani, akaandika jina lake, akakataliwa.

Nilisimama taratibu, nisije nikaishtua ile picha ikakimbia.

"Namfukwe, umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Kwenye saa."

"Aa, hiyo. Nimeweka saa ya Nakonde, mzee. Ile ya ukutani imekufa."

Niliinua kichwa. Ninyi mnazijua zile saa mbili juu ya mlango, moja imebandikwa karatasi ya Tunduma na nyingine ya Nakonde, maana wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapa mpakani hakuna anayepanga jambo bila kuuliza, "Saa ya wapi?" Hata simu zetu zinayumba. Ukisogea hatua chache zinadaka mnara wa upande ule, na saa inarudi nyuma yenyewe. Ile ya Nakonde mishale ilikuwa imesimama kimya. Nikamuuliza imekufa tangu lini.

"Tangu mvua zianze. Betri. Niliwaambia stoo."

Kaeni kidogo na hilo, kama mimi nilivyokaa. Kabla ya mvua, Namfukwe alikuwa akiinua macho ukutani. Saa ilipokufa, akahamishia macho yake kwenye kompyuta, kwa sababu akikosea lisaa limoja, lori linalala getini. Hakujua kubadilisha eneo la saa, ambako kungeiacha mashine ikijua wakati wake wa kweli, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Aliirudisha saa yenyewe tu kwa mkono. Jofrey akikaa mchana anairudisha mahali pake kwa ajili ya malori ya huku, wala hasemi neno, kama mtu anayeinua kiti kwa sababu yeye ni mrefu. Kompyuta ya nje haikuwa imesajiliwa Dar kwa jina la mtu, ilikuwa ya kubeba tu, kwa hiyo tuliiacha huru, na ukuta wa ulinzi uliizuia isiende kwenye intaneti kuuliza saa sahihi. Na mashine ya ndani kila wakati hunakili saa ya ile iliyoibeba. Namfukwe alikuwa anatuma ombi lake kwa saa ya Nakonde, na seva ya Dar ilikuwa inaona mwizi. Kwenye meza yangu alipita kwa sababu mimi saa yangu siigusi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona ile saa ya kompyuta mara kadhaa ikiwa nyuma. Jicho langu lilipita juu yake. Mgeni kutoka Dodoma angeshtuka papo hapo, lakini mimi nimeishi hapa mno, saa iliyo nyuma kwa lisaa ni kitu ninachokiona kutwa. Na yeye Bi Rehema, ambaye angeishtukia, alikuwa Dar, ambako saa ni moja. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilicheka, Namfukwe akadhani nimechanganyikiwa.

Nilimpigia Bi Rehema nikamweleza. Akasema, "Nionyeshe." Aliiangalia seva yake huku sisi tukirekebisha saa, Namfukwe akaandika jina, akapita. Akatuambia tuirudishe nyuma. Tukairudisha, akakataliwa. Tukaisogeza mbele, akapita. Alitufanyisha hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nilimsikia kwenye simu akiguna kwa furaha kila mara, kama mtoto anayewasha na kuzima taa. Nilizidi kumpenda. Kisha akaomba aongee na Namfukwe.

"Mbona nilikuuliza kama umebadilisha kitu ukasema hapana?"

Namfukwe aliishika simu kwa mikono miwili. "Madam, kuweka saa si kubadilisha kitu. Huku kila mtu anaweka saa. Ungeniuliza asubuhi nafanya nini, ningekwambia yote."

 Bi Rehema akamwomba radhi, kwa maneno yanayoeleweka, mimi nikisikia. Safari ya kujieleza ilifutwa. Mwezi uliofuata alisafiri mwenyewe hadi Tunduma, akasema anataka kuziona hizo saa mbili. Alipopanga kikao na wafanyakazi, Namfukwe akamuuliza saa ya wapi, na Bi Rehema akacheka hadi akakaa chini.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, na mnaiishi hadi leo. Mashine zote za ndani sasa zinachukua saa kutoka seva ya Dar, hazisikilizi tena zile za nje. Nilimwonyesha kila karani namna ya kuweka saa ya pili pembeni ya kioo bila kuigusa ya kwanza. Na nilikwenda dukani kununua betri, nikapanda kiti nikaiweka mwenyewe, maana kusubiri stoo tungezeeka. Dari siogopi siku hizi. Ni viti ndivyo siviamini.

Siku yangu ya mwisho kazini, mlipomaliza hotuba na soda, nilipita kwenye vyumba kuaga. Nilimkuta Namfukwe yuko juu ya kiti, anabadilisha betri ya saa ya Nakonde. Ilikuwa inatembea vizuri. Nikamuuliza betri nzima anaitolea nini.

"Siisubiri ife, mzee," alisema, akiwa bado amenipa mgongo. "Wewe unaondoka. Ikifa tena, nani atakuja kukaa hapa anitazame nikifanya kazi?"

 Nilimshikia kiti mpaka akashuka, nikamuaga, nikaenda kupanda gari. Swali lake nimekuwa nalo hapa shambani miezi hii yote, na ndilo lililonikalisha niandike, wala si ombi lenu, mnisamehe. Siwezi kulijibu mimi. Meza yake ni ileile karibu na kabati la mafaili, kiti kipo pembeni, na anaanza kazi saa moja asubuhi, saa ya huku.